Maji Niliyoyaacha Peke Yake

Ubaruku, Jumanne, siku chache baada ya Krismasi.

Leo jua limewaka tangu asubuhi na mvua haikuja, ingawa mawingu yalisimama upande wa milima mpaka saa nane. Sasa ni saa kumi na moja jioni. Nimekaa nyuma ya nyumba, miguu iko ndani ya beseni, na matope yamenikaukia hadi magotini. Naandika kwenye simu.

Nimechoka. Si kwa kazi ya leo tu.

Wanaosoma hapa ni wachache, na wengi ni wasichana wa kikundi chetu cha maombi kule Iringa. Mmezoea niandike mafundisho. Huwa napanga vizuri, naanza na swali, namaliza na sala. Leo sina fundisho. Nina jambo la kukiri, na nitaliandika kama lilivyotokea, ili nisije nikajificha ndani ya maneno mazuri. Kujificha huko nakuweza sana. Ndiko kulikonifikisha hapa.

Kwa asiyenifahamu: nimemaliza kidato cha tatu. Shule ikifunguliwa naishi Kihesa, pale Iringa, kwa mama mdogo, na likizo narudi huku Ubaruku kwa mama. Mama mdogo ndiye aliyenilea katika mambo ya kanisa. Huniamsha saa kumi na moja alfajiri, baridi ya Kihesa ikiwa bado imelala kwenye sakafu, tukaomba pamoja kabla sijainjika chai. Amenifundisha kufikiri kabla ya kujibu, na kuandika maombi yangu kwenye daftari, nisizungumze na Mungu kama mtu anayeropoka.

Mwaka huu wote ombi langu limekuwa moja. Bwana, nipe hekima yako, unifanye mtumishi mnyenyekevu.

Nimeliandika karibu kila asubuhi. Na leo nakiri kwamba kila nilipoandika neno "mtumishi" nilijiona nimesimama mbele ya watu. Sikuwahi kujiona nimeinama.

Sasa habari yenyewe.

Huku kwetu mpunga unaishi kwa zamu ya maji. Mfereji ni mmoja na mashamba ni mengi, kwa hiyo kila familia ina saa zake, zinazorudi kila baada ya siku nne. Saa zako zikifika unafungua geti lako, maji yanaingia kwenye majaruba, vile vipande vya shamba vilivyozungushiwa matuta, na unakaa hapo na jembe mkononi mpaka zamu iishe. Hukai nyumbani wala huendi dukani. Unazunguka matuta, ukiona mahali panavuja unaziba, ukiona maji yamezidi unapunguza geti. Watoto wa huku wanalijua hilo kabla hawajajua kusoma.

Jumamosi mama alisafiri kwenda Mbeya mjini. Baba anafanya kazi ya useremala huko, na bibi anayeishi naye alikuwa anaumwa tangu Krismasi. Kabla ya kupanda gari mama alinishika bega.

"Subi, kesho zamu yetu, saa kumi na mbili mpaka saa tano. Usiyaache maji."

"Ndiyo, mama."

"Jirani ameshamwaga mbegu. Ukae kwenye lile tuta."

Jirani ni Mama Esta, mjane, umri wake unampita mama kwa miaka mingi. Jaruba lake linapakana na letu na liko chini kidogo. Pembeni kabisa, nyuma ya tuta la mpaka wetu, ndipo alipotengeneza kitalu. Alikuwa amemwaga mbegu Alhamisi, mbegu zilizolowekwa na kuanza kuota. Katika siku hizo za kwanza zinakuwa na vichipukizi vyeupe vyembamba kama uzi, na bado hazijashika udongo. Maji kidogo yanazifaa. Maji mengi yanazibeba.

Jumamosi hiyo hiyo jioni mwinjilisti wetu alipita nyumbani.

"Binti yetu wa Iringa," aliniita kutoka barabarani, "kesho baada ya ibada vijana watakuwa wengi. Tusaidie somo fupi. Hekima ya Mungu katika maisha ya kila siku. Unaliweza?"

Nililiweza! Nilikuwa nalo tayari kwenye daftari. Moyo ulinienda mbio kwa furaha, na nikamwitikia kabla hajamaliza kuuliza. Sikumwambia kuhusu maji. Ningemwambia, angesema tulisogeze mbele, ni mtu mwelewa. Ndiyo maana sikumwambia.

Mngeweza kuniuliza kwa nini sikumwomba mtu anikalie pale kwenye maji. Baada ya zamu yetu inafuata zamu ya Mzee Lukas, na kila siku anafika shambani mapema kuliko watu wote. Lakini Mzee Lukas ni mgomvi, hana kanisa, na miaka iliyopita aliwahi kukamatwa akifungua geti la mtu mwingine. Nilimwona kama mtu wa kuombewa. Sikumwona kama mtu wa kuombwa msaada.

Jumapili saa kumi na mbili nilifungua geti. Nilizunguka matuta mara mbili, yote yalikuwa mazima. Saa mbili na nusu nikapunguza geti nusu, nikapiga hesabu kichwani kwamba kwa kasi ile maji yangejaa saa tano kamili. Nikanawa miguu, nikavaa viatu, nikaenda kanisani.

Nilisahau jambo ambalo mtoto yeyote wa hapa angenikumbusha. Jumapili wenye mashamba ya juu, ambao zamu zao huenda sambamba na yetu, wanafunga mageti yao mapema ili wawahi ibada. Maji ambayo wao hawayachukui yanashuka yote kwetu. Geti la nusu siku ya Jumapili ni sawa na geti zima siku nyingine. Mimi nimekaa Iringa miaka mitatu nikijifunza mambo mengi, na hilo likanitoka.

Somo lilikwenda vizuri. Niseme ukweli, lilikwenda vizuri sana. Nilieleza kwamba hekima inaonekana katika vitu vidogo, namna unavyomjibu jirani, namna unavyofanya kazi usiyosimamiwa. Wasichana wa kwaya waliandika. Mama mmoja alinishika mikono akasema nimetumwa.

Wakati huo huo maji yalikuwa yanafanya kazi isiyosimamiwa.

Nilirudi shambani saa saba. Geti lilikuwa limefungwa, na upande wa pili niliona maji yakiingia kwa Mzee Lukas, maana zamu ilikuwa yake. Jaruba letu lilijaa mpaka juu. Tuta la mpaka lilikatika mahali pamoja, pana kama mlango, na kitalu cha Mama Esta kilikuwa kimesombwa. Kipande cha juu tu kilibaki. Kwingine kote palikuwa na tope laini linalong'aa, na mbegu zimerundikana kwenye kona ya chini kama pumba zilizofagiliwa.

Hapakuwa na mtu karibu, hata Mzee Lukas sikumwona.

Nilivua viatu. Nikachukua jembe nikaziba tuta. Nilipiga matope vizuri, nikalainisha kwa kiganja, nikatupia majani makavu juu yake lionekane la zamani. Halafu nikafuta nyayo zangu nikirudi kinyumenyume.

Naomba mlisome hilo mara mbili, kwa sababu kuacha maji ni uzembe, lakini kufuta nyayo ni kitu kingine.

Jana Jumatatu asubuhi Mama Esta alikuja nyumbani. Alisimama mlangoni, kanga ameifunga kiunoni, macho mekundu. Nilimwamkia, akaitikia kwa mkato.

"Mwanangu, umesikia yaliyonipata?"

"Pole, Mama."

"Tuta limekatwa. Limekatwa na kuzibwa, nimeona matope mabichi chini ya majani. Huyu ni Lukas. Watu wamemwona Jumapili ana jembe pale getini kwenu. Wewe ulipokuwa kwenye maji, ulimwona?"

"Hapana, Mama. Sikumwona."

Na kweli sikumwona. Nilikuwa kanisani nikifundisha. Kila neno nililomjibu lilikuwa la kweli, na jibu lote lilikuwa uongo. Nimefundishwa kufikiri kabla ya kujibu, na nilifikiri.

Mama alirudi kutoka Mbeya jioni. Bibi amepata nafuu. Aliniletea kitambaa cha sketi ya shule na kunisifu kwamba jaruba limejaa vizuri. Nilimshukuru. Alipokuwa akila alisema mwenyekiti wa kikundi cha maji ameitisha kikao cha asubuhi, na Mzee Lukas akikutwa na hatia atanyang'anywa zamu mbili mfululizo. Mpunga wake ndio kwanza umepandikizwa. Zamu mbili bila maji, jua hili, ungeungua wote.

"Atajifunza," mama alisema.

Sikumaliza ugali wangu.

Leo nimeamka alfajiri, nikafungua daftari, nikaandika kama kawaida: Bwana, nipe hekima, nijue la kufanya. Kalamu ikasimama hapo hapo. Nilikuwa nalijua la kufanya tangu Jumapili saa saba mchana. Hapakuwa na chochote ambacho Mungu alibakiza kunieleza. Nilichokuwa naomba, nikisema kwa lugha ya wazi, ni njia ya kulimaliza jambo hili bila kuchekwa.

Nilifunga daftari. Sikuomba tena. Nilikwenda kuchota maji, nikafagia, nikamfuata mama kikaoni nikiwa nyuma yake hatua kumi.

Watu kama ishirini walikuwa wamekaa kwenye ukingo wa mfereji. Mwenyekiti ni mtu mpole ambaye kila akisema sentensi huvua kofia yake na kuivaa tena.

"Mzee Lukas," alianza, "Jumapili saa tano ulikuwa wapi?"

"Kwenye zamu yangu. Na wewe ulikuwa wapi? Si wewe ndiye unayetakiwa kupita kukagua?"

Watu walicheka. Mwenyekiti alivua kofia.

"Umeonekana na jembe kwenye geti la jirani yako."

"Nimelikuta wazi, maji yanamwagika, hakuna mtu! Nikalifunga. Siku hizi kufunga geti ni kosa?"

"Wewe Lukas," Mama Esta akaingilia, "mwaka juzi ulifungua geti langu kabla ya saa. Mwaka huu umeona kitalu changu kimependeza, roho ikakuuma."

"La mwaka juzi nilikiri hapa hapa na nikaadhibiwa! Hili si langu. Nina mgongo mmoja, siwezi kubeba na ya wengine."

"Hakukuwa na mtu?" mwenyekiti aliuliza. "Si ilikuwa zamu ya kwa mama Subi?"

Macho yote yalimgeukia mama. Mama alisimama. Alijifunga vizuri kitenge chake, na sauti yake ilikuwa tulivu, sauti ya mtu asiye na wasiwasi wowote.

"Mimi nilikuwa Mbeya, nilimwacha binti yangu. Na mwanangu hawezi kuacha maji. Mtoto huyu amelelewa. Angeondoka angeniambia."

Sijui kama nitaweza kueleza nilivyosikia. Kama mama angenishuku, nadhani ningenyamaza. Ningeweza kujitetea, maneno ninayo. Lakini aliweka jina lake lote pale juu yangu, mbele ya watu, na Mzee Lukas akaketi chini kama mtu aliyeona hana tena wa kumsikiliza.

"Ni mimi," nilisema.

Nikasimama wote wanione. Nikarudia.

"Ni mimi. Niliyaacha maji nikaenda kanisani. Mzee Lukas hakukata tuta. Lilikatika lenyewe kwa maji kuzidi."

Kisha dada mmoja wa kwaya, ambaye Jumapili alikuwa ameketi mstari wa mbele, akapiga makofi mara moja.

"Jamani! Sisi tunaandika pointi za hekima, kumbe mwalimu kaacha mafuriko nyumbani!"

Walicheka. Walicheka kwa muda mrefu, wengine wakijizuia na kuanza upya. Kicheko hicho ndicho nilichokuwa nakikimbia tangu Jumapili, na kilipofika nilikuta ninaweza kusimama ndani yake. Kilichoniuma zaidi kilikuwa uso wa mama. Hakucheka, hakukunja uso. Alikuwa ananiangalia kama anayejaribu kukumbuka amenifahamia wapi.

Mama Esta hakucheka pia.

"Na tuta nani kaliziba?"

"Mimi, Mama."

"Na yale majani?"

"Mimi."

"Ukaja ukaniambia hukumwona Lukas."

"Sikumwona, Mama. Sikuwepo."

"Ee! Umenijibu kama wakili." Alitikisa kichwa. "Nimemtukana mtu mzima siku mbili kwa ajili yako."

Mwenyekiti alivaa kofia. Alisema zamu yetu ya Alhamisi tunanyang'anywa, maji yote yatakwenda kwa Mama Esta aandae kitalu upya. Ina maana miche yetu, ambayo wiki ijayo ilitakiwa kupandikizwa, itakaa bila maji siku nane badala ya nne. Mama alisema, "Sawa." Hilo tu.

"Na mimi?" Mzee Lukas aliuliza. "Nimeitwa mwizi tangu jana mchana."

"Mzee wangu," mtu akamjibu kutoka nyuma, "tangu jana tu?"

Wakacheka tena, na kikao kikaisha hivyo. Hakuna aliyemwomba msamaha. Watu walishika majembe yao wakatawanyika. Nilimwona anashuka peke yake kuelekea kwenye majaruba yake, nikamfuata.

"Shikamoo, Mzee. Nisamehe. Nilinyamaza wakati unasingiziwa."

Aliendelea kutembea.

"Ulikuwa unasema nini huko kanisani?" aliuliza bila kugeuka.

"Habari za hekima."

"Watu walielewa?"

"Nadhani walielewa."

"Wewe hukuelewa." Akacheka, kicheko kifupi cha puani. Hatua chache mbele akasimama. "Siku nyingine ukiwa na ibada, nipitie. Nitakuangalizia maji. Mimi Jumapili niko tu hapa."

Mtu ambaye nilikuwa nimemweka kwenye orodha ya wanaohitaji maombi alikuwa tayari kunifanyia kwa urahisi jambo ambalo mimi sikumfanyia mtu yeyote. Na angelifanya hata Jumapili iliyopita, kama ningevuka matuta mawili nikamwomba.

Kutoka pale nilikwenda moja kwa moja kwa Mama Esta. Nilikuwa nimeandaa maneno njiani. Nilianza, "Mama, naomba nikueleze kutoka moyoni," akanikatiza.

"Maneno yako nimeshayasikia. Shika jembe."

Tumefanya kazi kuanzia saa nne mpaka saa kumi. Tumebomoa lile tuta bovu nililolilainisha kwa kiganja, tukalijenga upya, pana, tukilishindilia kwa miguu. Kazi yangu haikuwa na nguvu hata kidogo, ilikuwa na sura tu, tuta likaporomoka kwa pigo la kwanza. Kisha tukachimbua tope la kitalu na kulisawazisha. Hapo ndipo nilipoona nisivyojua. Nilivuta tope huku na huku, Mama Esta akalikagua kwa jicho moja amefumba.

"Hapa pana shimo. Maji yatasimama, mbegu itaoza."

Nikasawazisha. Akakagua.

"Sasa umeweka mlima."

Nikarudia. Sehemu moja niliirudia mara nne. Mara ya tano hakusema kitu, akahamia sehemu nyingine, nikaelewa kwamba imekubalika. Watu waliopita njiani walinisalimia, "Mwalimu, habari za kazi!" na kucheka. Mwanzoni uso uliwaka. Baadaye mgongo uliuma kiasi kwamba sikuwa na nafasi ya kuona aibu. Niliitikia, "Njema," nikaendelea.

Mchana mwinjilisti alipita na baiskeli. Alikuwa amesikia. Alisimama kwenye ukingo, akatuangalia, akaniuliza kama Jumapili nitaendelea na sehemu ya pili ya somo. Hakuniuliza kwa dhihaka. Nilimwambia sina sehemu ya pili. Alitikisa kichwa taratibu, akasema tutazungumza, akaondoka. Namshukuru kwa kutosema zaidi.

Niliporudi nyumbani mama alikuwa amekaa na debe la mbegu zetu za akiba. Anachagua pumba na kutupa, anachagua na kutupa. Aliniambia nilete gunia. Tukazimimina, tukafunga mdomo wa gunia, tukalizamisha kwenye pipa la maji. Kesho jioni tutalitoa na kulifunika, na Ijumaa zitakuwa zimetoa ncha, tayari kumwagwa kwa Mama Esta. Hakunieleza kwamba ni kwa ajili ya Mama Esta. Nilijua.

"Mama, nisamehe."

Alibonyeza gunia lizame.

"Ungeniambia jana nilipokuja," alisema. "Nilikuletea kitambaa, tukala pamoja. Ungeniambia pale, tungekwenda kwa Mama Esta wote wawili kabla ya kikao. Umeniacha nisimame nikuapie mbele ya watu."

"Niliogopa."

"Kuogopa sawa. Hata mimi naogopa vitu. Lakini mimi si watu, Subi. Mimi ni mama yako."

Alikuwa akilia, lakini kidogo, na aliendelea kubonyeza gunia. Mimi nililia vizuri zaidi. Kisha akaniambia nikanawe, naacha matope kila mahali.

Ndiyo maana nimekaa hapa na beseni.

Nikijiuliza nimejifunza nini, mkono unataka kuandika mambo matatu yaliyopangwa vizuri na aya ya mwisho yenye sala. Naukataza. Sijui kama nimepata hekima. Najua nimekuwa nikiiomba kama kitu cha kuonyesha, halafu Jumapili ilikuja kuniomba kitu rahisi tu, nikae kwenye tuta na jembe mpaka saa tano, mahali ambapo hakuna anayeandika ninachosema. Sikuitambua. Ilikuwa imevaa nguo za shamba.

Bado naona aibu. Bado usingizi utakuja kwa shida, na mwezi ujao nitakaporudi Kihesa itabidi nimweleze mama mdogo, naye atanitazama kwa yale macho yake ya upole ambayo ni mabaya kuliko fimbo. Wasichana wa kikundi mtasoma hapa. Mkiamua kuchagua kiongozi mwingine wa maombi nitaelewa. Kwa kweli nadhani ningependa kukaa nyuma muhula mmoja, nipange viti.

Jambo la mwisho, na ndilo ambalo limenifanya niandike badala ya kwenda kulala na matope yangu.

Wakati wa kuagana Mama Esta alikuwa anaosha jembe lake mferejini. Kile kipande cha kitalu kilichobaki kina ndege, wanashuka alfajiri kula mbegu, kwa hiyo alinipa zamu ya kuwafukuza kesho asubuhi. Nilikubali. Nikageuka kuondoka, akaniita.

"Na Alhamisi ile zamu niliyopewa, saa kumi na mbili. Utanifungulia wewe."

Nilidhani sijasikia vizuri.

"Mama, mimi? Si bora uwepo mwenyewe? Au Mzee Lukas."

"Alhamisi nakwenda kusaga, sina unga ndani. Na Lukas ana shamba lake." Alikung'uta jembe, akalitia begani. "Kitalu ni kile ulichosawazisha wewe. Unapajua palipo na shimo na palipo na mlima. Nani mwingine anapajua?"

"Nikikosea tena?"

"Utaziba. Ila safari hii uniite."

Akaondoka. Hakusema amenisamehe, na sitajidanganya kwamba alisema. Lakini ameweka maji yake mikononi mwangu, yote, na hatakuwepo kuangalia.

Naogopa kuliko nilivyoogopa kikaoni. Pia kuna kitu kidogo ndani yangu kimeinua kichwa, kimechoka kama mimi, lakini kimeinua kichwa.

Kesho ni ya ndege. Keshokutwa ni ya maji, na nitakaa nayo mpaka saa tano.